Kupasha Kiporo cha Ndoa: Mwongozo wa Wazugaji

Sogea karibu. Kama mwenzio yuko chumba cha pili, punguza sauti ya simu. Haya ninayokwambia hayasemwi kwenye khutba ya nikahi wala mbele ya madhabahu, na kungwi wako hakukufundisha, kwa kuwa kazi yake iliishia kwenye fungate. Leo tunajifunza kuzuga.

Nasema na wewe ambaye ndoa yako haijavunjika. Hakuna kelele za kuamsha majirani, hakuna mtu wa tatu, hakuna aliyefungasha begi. Imelala tu. Mnakula mkitazama taarifa ya habari, mnaulizana umeme umebaki uniti ngapi, mnazima taa. Halafu usiku mmoja, ukimsikiliza anavyokoroma, unagundua jambo ambalo shangazi zako walilijua tangu siku ya posa: nyinyi wawili hamfanani hata kidogo. Yeye ni mtu wa alfajiri, wewe wa usiku. Yeye anahesabu chenji, wewe unaifua pamoja na suruali. Na umeligundua hilo mkiwa tayari na watoto wanne, kiwanja kimoja, na deni la bati.

Usiogope. Vijana wakisema "kupasha kiporo" wanamaanisha kumrudia mpenzi wa zamani. Mimi nasema kiporo chenyewe, kile kilichomo kwenye sufuria yako mwenyewe. Mpishi yeyote anajua kwamba wali uliolala ukiuweka kwenye moto mkali unaungua chini, juu unabaki baridi. Unanyunyizia maji kidogo, unafunika, unapunguza moto, unaacha kufunuafunua. Na maharage yaliyolala, niulize mimi, ni matamu kuliko yalivyokuwa jana yake.

Nina haki ya kulisema hili. Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu mlango ni wa kuzuia mvua, na mgeni hupiga hodi akiwa ameshafika ukumbini. Mke wangu kakulia mlimani, Kilimanjaro, na ni mtu wa makufuli. Tulifunga ndoa bomani mwaka 1988, kwa sababu mzee wake alitaka kanisa, mzee wangu akataka shehe, na bomani ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyeshindwa. Tangu tuhamie nyumba yetu tuna makufuli matatu: la geti, la mlango wa mbele, la mlango wa jikoni. Kila usiku anayazungukia yote. Akishalala, anaamka kuyazungukia tena. Mimi nataka dirisha wazi na upepo wa bahari. Nitarudi kwenye makufuli. Kwanza tufanye kazi.

Hatua ya kwanza: jiuzulu

Umekuwa mkaguzi wa mwenzio kwa miaka mingi, bila mshahara na bila mafanikio. Ulidhani utamfundisha kuweka kandambili mahali pake, kuongea polepole kwenye simu, kupenda ndugu zako. Hakujifunza. Acha kazi leo.

Jiuzulu kimyakimya. Usimwambie "nimeamua kukukubali ulivyo," maana hiyo ni ripoti ya ukaguzi iliyovaa nguo ya heshima, na atakuuliza nilivyo vipi. Ziruke tu kandambili. Ukizikuta mlangoni, ziruke kwa uso uleule unaorukia nao dimbwi barabarani: lipo, halina kosa, maisha yanaendelea. Wiki ya kwanza ataona umenuna. Wiki ya pili ataona umesahau. Wiki ya tatu ataanza kujiuliza kwa nini hakaguliwi tena, kwa kuwa binadamu hapendi kukaguliwa lakini kuachwa bila kukaguliwa kunamuuma zaidi. Siku moja utazikuta kandambili zimepangwa. Usiseme kitu. Ukisifu, umerudi kazini.

Hatua ya pili: fungua kesi ya bandia

Hii inataka karatasi na kalamu. Jifanye unakwenda kuomba talaka.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla haujafika mahakamani. Sheria hiyohiyo inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzio kwa makusudi, kumtoroka kwa miaka isiyopungua mitatu, na mengineyo. Sasa andika yako. Usifiche, andika yote yanayokukaba. Halafu simama, usome kwa sauti kana kwamba mbele yako wamekaa wajumbe wa baraza: wazee wawili wenye miwani, na mama mmoja aliyefunga genge lake la nyanya ili aje akusikilize.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mume wangu anakunywa chai kwa kufyonza."

"Mheshimiwa mwenyekiti, mke wangu akisimulia jambo la dakika mbili anaanzia mwaka juzi."

Unaona haya, siyo? Hiyo haya ndiyo tuliyoitafuta. Yule mama wa genge ameshaanza kuwaza nyanya zake. Chukua karatasi, ipasue, nenda kamchemshie chai yake afyonze.

Lakini hapa simama, na mimi nasimama. Kama kwenye karatasi yako kumeandikwa kipigo, funga mwongozo huu, haukuandikiwa wewe. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Jambo hilo halizugwi. Lipeleke kwa ndugu zako, lipeleke kwenye dawati la jinsia la polisi, lipeleke baraza, na uondoke ukiwa na miguu ya kuondokea. Na mtu akikutisha kwamba mama wa nyumbani hutoka mikono mitupu, mwambie kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikumpa fungu, lakini wanawake wengi waliokuja baada yake wamesimama juu ya maneno yale. Kiporo kilichoingia sumu humwagwa.

Wengine, tuendelee.

Hatua ya tatu: shindwa mapema

Chagua ubishi mmoja kwa siku, ushindwe katika sentensi ya pili. Tumia maneno haya, yamejaribiwa: "Kweli, nilikuwa sijaliangalia hivyo." Kisha funga mdomo. Neno "lakini" likikujia, limeze na maji.

Sisi tulibishana miaka mingi kuhusu mwaka tuliobadili paa. Mimi nasema 1999, yeye 1997. Jioni moja nikatazama juu: paa lilikuwa palepale, halivuji. Nikampa 1997. Alinitazama kwa mashaka, akaniuliza kama naumwa.

Hatua ya nne: msifu asikie

Kila mtu ana kitu kimoja anachojivunia kimyakimya, na mara nyingi sicho unachompendea wewe. Unaweza kuwa unampenda kwa upole wake, wakati yeye usiku anawaza namna alivyomfunga mdomo karani wa benki. Tafuta hicho cha kwake. Ukikipata, usimsifu usoni. Umri huu sifa za usoni humfanya mtu ajiulize umeharibu nini. Msifu kwa mtu mwingine, mahali ambapo atakusikia.

Njia rahisi ni simu. Mpigie dada yako, kaa uani karibu na dirisha la jikoni, ongea kwa sauti ya mtu ambaye mtandao unamsumbua. Kama mumeo hujivunia ufundi: "Aaa, bomba lilipasuka saa sita usiku, unafikiri nani kalitengeneza? Huyuhuyu!" Kama mkeo hujivunia jicho lake la biashara, litaje kwa shilingi na senti. Halafu ingia ndani, usimtazame, uliza chumvi iko wapi.

Mke wangu ni mwalimu mstaafu, na fahari yake ni mwandiko. Herufi zake zimesimama kama wanafunzi wa gwaride. Kila ikitokea kamati ya harusi ya ndugu au jirani, nasema mbele ya watu kwamba bahasha za kadi za michango asiandike mtu mwingine ila yeye. Husonya, hulalamika kwamba nampa kazi, halafu huomba kalamu ya wino. Mara ya mwisho aliandika arobaini, akazianika mezani zikauke, akapita hapo mara tatu bila sababu. Jioni hiyo alinipakulia mwenyewe kipande cha samaki chenye mgongo, ambacho kwa kawaida ni chake.

Nasikia mtu akisema huo ni ulaghai. Mwandiko ni mzuri kweli! Nilichofanya ni kuchagua mahali pa kusimama wakati wa kulisema.

Hatua ya tano: ficha

Washauri watakwambia kaeni, fungueni mioyo, msifichane kitu. Nakusihi, ficha.

Mwandishi mkubwa wa Urusi, Leo Tolstoy, alioa mwaka 1862 akiwa na miaka 34. Binti aliyemwoa, Sophia, alikuwa na miaka 18. Kabla ya harusi bwana huyo alimpa shajara zake azisome, na humo alikuwa ameandika wanawake aliowapitia, hata yule wa kijijini kwake mwenyewe. Alitaka kuanza na moyo mweupe. Moyo wake ukawa mweupe kweli, wa binti ukabaki na madoa ambayo hayakutoka maisha yake yote. Walizaa watoto kumi na watatu. Sophia alimnakilia miswada yake kwa mkono, akasimamia mali na nyumba, na wote wawili wakaendelea kuandika shajara na kusomeana, kila mmoja akichimba kidonda cha mwenzake kwa wino. Miaka 48. Mwaka 1910, mzee wa miaka 82, Tolstoy alitoroka nyumbani usiku. Akaugua njiani, akalazwa kwenye nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo. Mkewe alimfuata kwa treni, na waliomzunguka mgonjwa hawakumruhusu aingie mpaka mzee alipokuwa hajitambui tena. Iko picha yake, amesimama nje, anachungulia dirishani.

Ningekuwa mshenga wao ningezichoma zile shajara jikoni kwa mama yake binti.

Kwa hiyo usiseme kwamba siku ya harusi nusura ugeuke. Usiseme kwamba shemeji anapika kumshinda. Usiseme kwamba ulimpenda zaidi alipokuwa mwembamba. Ukiulizwa "unawaza nini?" na ulichokuwa unawaza ni kwamba umechoka naye, sema unawaza ada za shule. Ada za shule huwa ni kweli wakati wowote.

Tuelewane hapa. Sikukwambia uwe na namba kwenye simu uliyoipa jina la "Fundi Bomba" huku ikikutumia salamu usiku wa manane. Huo ni wizi, na bomba hilo litapasukia kwako. Ficha lile ambalo likisemwa litamuumiza yeye na kukupunguzia mzigo wewe tu.

Hatua ya sita: menya ndizi

Kuomba radhi kwa mdomo ni kazi ngumu, hasa kwa mtu aliyelelewa akiambiwa mwanamume hasemi samahani, au mwanamke akisema mara moja atasema kila siku. Ipo njia ya mkato nayo hupitia jikoni. Tafuta chakula chake, kile unachokinung'unikia, ukishike kwa mikono yako.

Kwetu Pangani mume aliyekosa angechukua mbuzi, akae, akune nazi, na sauti ile ya kijino cha chuma kwenye kifuu ingesikika nyumba nzima kama tangazo. Kwa mke wangu hilo halina maana. Nazi aliizoea kwa ajili yangu, hakuipenda. Chake ni mtori. Kwa hiyo nikimkosea, namenya ndizi. Utomvu wa ndizi unashika vidole vyeusi siku mbili, sabuni haiutoi, na yeye akiuona wakati nampokea kikombe anajua nimesema nini. Hajawahi kunijibu kwa maneno. Hunipa limau nijisugulie.

Ukikosea, usipike chakula unachokipenda wewe. Utakuwa umejiomba radhi mwenyewe.

Hatua ya saba, kwa wanunuzi wa kanga

Mwanamume akitaka kumfurahisha mke hukimbilia duka la kanga, hutazama rangi, hulipa, huondoka. Jirani yangu alifanya hivyo. Alinunua doti nzuri, nyekundu na nyeusi, pindo lenye korosho. Hakusoma jina. Jina lilikuwa la kumsuta mgeni asiyejua siku ya kuondoka, na wakati huo mama mkwe wake alikuwa mwezi wa pili pale nyumbani. Mkewe aliisoma, akaikunja, akampelekea mama yake. Yule bwana alikula kwa mama ntilie mpaka Idi.

Soma jina! Kanga hupewa watu kwa maneno yake, rangi ni kifungashio tu. Miwani huna? Mpe muuzaji akusomee, wao hawachoki. Ukikosa jina la mapenzi chukua la dua, sijaona mtu aliyekasirishwa na dua.

Na wewe mama uliye na neno ambalo ulimi umelikataa, njia unaijua tangu kwa bibi yako: jifunge kanga yenye neno hilo, pita mbele yake mara mbili. Kwa bahati mbaya waume wengi hawasomi kanga za wake zao hata zikiwa na tangazo la moto. Basi mpelekee pindo, mwambie, "Hebu nisomee hapa, miwani yangu sijui nimeiweka wapi." Akimaliza kusoma, shukuru, ondoka.

Mbili za haraka

Mwite kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Mmeitana mama fulani na baba fulani mpaka mmebaki wazazi wa mtu, na mtu mwenyewe ameshahamia Dodoma. Mara moja kwa wiki inatosha. Ikizidi atadhani una habari ya msiba.

Na siku moja, ukiwa umekaa sebuleni na yeye yuko jikoni, mtumie shilingi elfu tano kwa simu. Utaisikia ikilia huko. Akija kuuliza ni za nini, sema, "Za kwako." Usitoe maelezo mengine hata akikubembeleza.

Hatua ya nane: toka, lakini urudi na habari

Watu wawili wasiofanana wakikaa pamoja kutwa nzima, hasa baada ya kustaafu, hugeuka kuwa mahabusu na askari kwa zamu. Toka. Nenda kwenye kahawa, nenda kwenye kikundi cha akina mama, nenda shamba hata kama hakuna cha kulima. Ila usirudi mikono mitupu. Rudi na habari moja: nani kauza kiwanja, sukari imefika bei gani, mtoto wa nani kamleta mchumba wa ajabu. Kama siku ilikuwa kavu, ongeza chumvi kidogo kwenye ya jana.

Hatua ya mwisho: uliza swali dogo

Kila mwenzi ana hadithi anayoirudia. Umeisikia hadi unaweza kumwazima aliposahau. Ikianza tu, macho yako yanakwenda kwenye simu au dari, na yeye anaona, na anaendelea kwa sababu hana nyingine. Hapo ndipo ndoa nyingi hulala usingizi wa moja kwa moja, nami nimeweka hatua hii mwisho kwa kuwa ndiyo ninayoijali kuliko zote.

Zuga kwamba ni mpya. Weka simu kifudifudi. Akifika katikati, uliza swali moja ambalo hujawahi kuliuliza, na liwe dogo, la kitu cha kushikika. Usiulize "ulijisikiaje," hilo ni swali la mtangazaji wa redio. Uliza ilikuwa rangi gani, nani alikuwa amekaa dirishani, mlikula nini.

Hadithi ya mke wangu ni ya treni. Mwaka 1986 alipangiwa kituo cha kufundisha Tanga, akapanda treni Moshi akiwa na sanduku la bati. Usiku, baada ya Mombo, usingizi ukamchukua. Alipozinduka treni imesimama Korogwe, taa za stesheni zinamulika ndani, sanduku halipo. Huishia hapo siku zote: "Nikashuka Tanga na mkoba tu, kama mtalii." Wageni hucheka. Nimeisikia zaidi ya mara mia, na nilijua hata mahali atakapovuta pumzi.

Jioni moja kulikuwa na wageni, treni ikaanza kuondoka Moshi, nami nikaamua kutenda ninayowafundisha wengine. Sikufichi, nilikuwa nazuga. Alipofika Korogwe nikamwita kwa jina lake, nikamuuliza, "Na humo ndani ya sanduku kulikuwa na nini?"

Alinyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Magauni matatu. Viatu vya kufundishia, bado vimo kwenye karatasi ya dukani. Sufuria ndogo. Na kitambaa cha kutandika kitandani, cha kufuma, cha rangi ya maziwa, ambacho mama yake alikifuma miezi minane akiwa kitandani mgonjwa, ili mwanawe asilale kwenye shuka tupu ugenini. Mama huyo alifariki kabla mwaka haujaisha. Hakuna kitu kingine cha mkono wake kilichobaki.

"Baba alinipa mnyororo na kufuli," akasema. "Nilifungie sanduku kwenye mguu wa benchi. Lakini wale tuliokaa nao walikuwa wamenigawia chakula chao, mahindi na mayai. Niliona haya kutoa kufuli mbele yao. Lilikuwa kwenye mkoba. Nilishuka nalo Tanga."

Mgeni mmoja alitazama chini. Mimi nilikuwa nimemcheka mwanamke huyu kwa makufuli yake miaka zaidi ya thelathini, nikiwaambia watu kwamba ni ugonjwa wa watu wa mlimani. Alikuwa amenisimulia sababu yake mara mia, kila mara akisimama stesheni moja kabla ya kufika, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Wageni walipoondoka alikwenda kuoga. Nilitoka nikaenda getini, nikavuta kufuli. Nikaja mlango wa mbele, nikavuta. Nikapita uani hadi wa jikoni, nikavuta. Alipotoka bafuni akielekea kuanza mzunguko wake nikamwambia, "Yote matatu." Alisimama koridoni kidogo, taulo mkononi, halafu akarudi chumbani.

Siku hizi makufuli ni zamu yangu, naye ndiye anayefungua dirisha la upande wa bahari kabla hatujalala, kiasi cha kiganja, amelifunga kwa kamba lisipigwe na upepo. Nikimaliza kuzunguka na kujilaza, sauti yake husema gizani, "Na la jikoni?" Nimeshalivuta. Huamka tena, hutafuta kandambili kwa miguu, huenda kulivuta.